Nani Huingia Ukumbini: Heshima kwa Wenyeji Asilia wa Marekani

Katika utafiti wangu wa historia ya makumbusho, kila ninapoufikia ukumbi wa heshima huanza kwa kuuliza mahali pale palikuwa na kazi gani kabla ya picha za mashujaa kutundikwa. Kwa wenyeji asilia wa Marekani, jibu huwa zito kuliko orodha ya majina yenyewe.

Ukumbi wa heshima wa wanamichezo wao ulianzishwa mwaka 1972 katika chuo cha Haskell, mjini Lawrence, Kansas. Haskell ilifunguliwa mwaka 1884 ikiwa shule ya bweni ya serikali, katika mfumo uliowatenga watoto na wazazi wao, ukawanyoa nywele na kuwakataza kusema lugha zao. Ukumbi wa kitaifa wa wenyeji hao, unaotambua pia wasanii, viongozi na wanasayansi, ulifanya sherehe yake ya kwanza mwaka 2018 katika iliyokuwa shule ya namna hiyohiyo mjini Phoenix, Arizona. Wapo wanaoona kinaya hapo. Mimi naona madai ya umiliki, kwamba waliofungiwa ndani ya kuta zile sasa ndio wanaoamua jina la nani litajwe humo.

Michezo nayo ilipitia katika shule hizo. Lewis Tewanima, wa taifa la Hopi huko Arizona, alipelekwa kwa nguvu katika shule ya Carlisle, Pennsylvania, mwaka 1907, baada ya watu wa kijiji chake kukataa elimu ya serikali. Miaka mitano baadaye alipata medali ya fedha katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Stockholm, kisha akarejea kwao kulima na kuchunga kondoo. Hakuna Mmarekani aliyefanya vizuri zaidi katika mbio hizo hadi mwaka 1964, Billy Mills, wa taifa la Lakota, aliyesoma Haskell, aliposhinda dhahabu mjini Tokyo mbele ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Na hadi leo hakuna Mmarekani mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo, ambazo sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuzihesabu kuwa zetu.

Mwanafunzi mwenzake Tewanima pale Carlisle, Jim Thorpe wa taifa la Sac na Fox, alishinda dhahabu mbili katika Olimpiki hiyo ya 1912. Mwaka uliofuata alivuliwa zote kwa sababu aliwahi kulipwa kucheza besiboli. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimrejeshea ubingwa huo mwaka 1982, ila kwa kumfanya bingwa mwenza, na ni mwaka 2022 tu ilipomtambua kuwa bingwa pekee. Katika ukumbi wa Haskell, Thorpe alikuwa bingwa tangu mwanzo, bila kusubiri uamuzi wa Lausanne, yaliko makao ya kamati hiyo. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi kubwa ya kumbi hizi: kuwa na mizani isiyoazimwa kwa yeyote.

Upo pia ukumbi wa sanamu za shaba za nusu mwili mjini Anadarko, Oklahoma, ulioanzishwa mwaka 1952, ambako wageni hutembea katika uwanja wa wazi. Sanamu ni nzuri, lakini namna hiyo ya kuheshimu humwelekea zaidi kiongozi wa kale, na hivyo humwachia mgeni dhana kwamba habari ya watu hawa imekwisha.

Kundi la walioingizwa katika ukumbi wa kitaifa mwaka 2018 linaikanusha dhana hiyo. Thorpe na Mills wamo, lakini wamo pia mwanaanga John Herrington wa taifa la Chickasaw, Wilma Mankiller aliyewaongoza Wacherokee, na Elouise Cobell wa taifa la Blackfeet, Montana. Cobell alikuwa mtu wa hesabu na benki. Mwaka 1996 aliishtaki serikali ya shirikisho kwa kuvuruga fedha za ardhi ilizokuwa imezishika kwa amana kwa niaba ya wenyeji, na mwaka 2009 yakafikiwa mapatano ya dola bilioni 3.4. Hakuna sanamu inayoweza kuonyesha daftari la hesabu likisomwa kwa miaka 13, na kwangu uteuzi wake ndio uliohitaji ujasiri mkubwa zaidi kwa wateuzi.