Kadi ya mama watoto si majibu yako

Baba wa Jumanne iliyopita alikuja kliniki amemsindikiza mkewe, mimba ya miezi minne. Majibu ya mama yakatoka: mstari mmoja, hana VVU. Nikamgeukia mwenzake: "Haya, baba kijacho, zamu yako." Akainyanyua kadi ya kliniki kama askari kanzu anayetoa kitambulisho. "Nesi, mimi si nimeshapima humu?"

Maneno hayo nimeyasikia kwa bodaboda, kwa mwalimu, kwa mchungaji na, Mungu anisamehe, kwa daktari. Leo nayaandikia, ili nikichoka kuongea niwe namtumia mtu hapa.

Uvumi wa kujibu haraka kwanza. Damu kundi O haikukingi. Mbu hahusiki. Kikombe cha dawa ya Babu hakiponyi, mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, ikanywa kwa shilingi 500, na kirusi kikabaki pale pale.

Sasa la kadi. Watu wanaichukulia VVU kama pilipili kwenye mchuzi: mkila sahani moja, wote mtawashwa. Kwa hiyo mmoja asipowashwa, basi pilipili haimo. Hesabu haiendi hivyo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mwanamke akikutana na mwanamume mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, bila kondomu, huambukizwa mara kama 8 katika kila mara 10,000. Kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume ni kama 4. Soma tena. Ndiyo maana wenza wenye majibu tofauti wapo, tena wengi, wanalala kitanda kimoja miaka na miaka. Mstari mmoja wa mkeo unaongea habari za mkeo.

Na hata habari zake mstari huo unazisema kwa kuchelewa. Kipimo cha haraka kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza, hakitafuti kirusi chenyewe, na askari hao wanaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonekana. Baba aliyekanyaga miwaya, yaani aliyeambukizwa, mwezi uliopita, huu ndio wakati virusi vimejaa kwenye damu yake, na kadi ya mama bado inang'aa. Mama akiambukizwa wakati huo, akiwa mjamzito au ananyonyesha, hatari kwa mtoto ni kubwa kuliko ya mama aliyejijua mapema akafubaza virusi kwa dawa. Ndiyo maana tunampima mama tena na tena. Si kwamba hatumwamini yeye.

Imani hiyo hiyo ikigeuzwa inaniudhi zaidi. Mama akikutwa nao, baba anasema, "Basi na mimi ninao, cha kupima nini?" Nimewahi kukuta mke na mume wanagawana kopo moja la TLD, vidonge vya kufubaza VVU, leo wewe, kesho mimi, kwa mapenzi kabisa. Tulipompima mume, hana. Mke alikuwa anameza nusu ya dozi ili kumtibu mtu asiyeumwa, na wingi wa virusi wake ulikuwa umeanza kupanda. Huyo mume alistahili kondomu na PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU, na mke alistahili kopo lake zima. Na wingi huo wa virusi ndio jambo lenyewe: utafiti wa Rakai, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, uliwafuatilia wenza 415 wenye majibu tofauti. Matokeo yalitoka mwaka 2000: ambaye virusi vyake havikufika 1,500 kwa mililita hakumwambukiza mwenzake. Hata mmoja.

Nikiri jambo. Hiyo 8 kwa 10,000 huwa siitaji kwenye chumba cha kupimia bila kusita. Sisi ndio taifa lililoisoma AIDS kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Ukimpa mtu namba ndogo namna hiyo, anasikia ruhusa. Tena ni wastani, na wastani ni mwongo mwenye adabu: ukiwa na kaswende au kidonda sehemu za siri, au mwenzako kaambukizwa wiki tatu zilizopita, namba inaruka. Na wapo waliopata kwa siku moja tu, nimewashika mikono. Siku nyingine naitaja, siku nyingine naimeza, na sijawahi kuwa na hakika ni lini nilifanya vizuri. Miaka yote tuliwatisha watu kwamba mara moja inatosha. Inatosha, kweli. Ila kutokana na kitisho hicho hicho wakajifunza kwamba mke akiwa salama, mume naye yu salama. Nusu ya kosa hili ni letu sisi wenye makoti meupe.

Yule baba kijacho nilimweleza yote haya, na namba nikaitaja. Akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akaniuliza maswali mazuri kabisa. Mwisho akaweka kadi mezani.

"Nimekuelewa, nesi. Basi mpimeni tena mama, tuwe na uhakika."