Kuwa na dini bila kuamini Mungu, maana yake nini hasa?

Huku kwetu Arusha na Moshi ukikutana na mtu kwenye msiba au mmekaa siti moja kwenye hiace, hachelewi kukuuliza unasali wapi. Haulizi kama unasali, anauliza wapi, manake kwa akili zetu kila mtu ana pa kusali, kama sio KKKT basi Katoliki, kama sio Katoliki basi Sabato au kwa walokole, au ni Muislamu ana msikiti wake. Ndo maana ukimwambia mtu kwamba duniani kuna watu wana dini kabisa, wana ibada, wanafunga, wana watawa, ila hawaamini kuna Mungu aliyeumba dunia, anakuangalia anaona umechanganya mafaili. Lakini kitu hicho kipo, na ni cha zamani kuliko Ukristo wenyewe.

Iko hivi. Dini ina mambo mengi ndani yake na kumwamini Mungu ni jambo moja tu kati ya hayo. Kuna ibada, kuna namna ya kuishi na wenzako, kuna jumuiya inayokujua kwa jina, kuna sikukuu, kuna namna ya kuzika, na kuna ule utulivu mtu anausikia ndani yake akikaa kimya. Sisi tumezoea kuona hayo yote yameshikiliwa na Mungu. Watu ninaowaongelea hapa wanayashika yote au baadhi, ila hilo la Mungu muumba hawanalo.

Wanaojulikana zaidi ni Wabudha. Siddhartha Gautama, ambaye ndo Budha mwenyewe, aliishi upande wa kaskazini ya India karne nyingi kabla ya Yesu, na mafundisho yake yanaanzia kwenye mateso ya binadamu, kwamba maisha yana mateso, chanzo chake ni tamaa, tamaa ikiisha na mateso yanaisha, na kuna njia ya kufika huko. Hapo hujasikia nani kaumba mbingu na nchi. Kwenye maandiko yao miungu ipo ila nayo inazaliwa na kufa kama viumbe wengine, haijaumba kitu. Na ile sanamu ya Budha watu wanayoinamia sio ya Mungu, ni ya mwalimu. Ni kweli kuna nchi za huko Asia ambapo Mbudha wa kawaida anaomba mizimu na miungu kibao, kwahiyo usidhani wote wako sawa, lakini msingi wa mafundisho haudai Mungu muumba. Hata Dar es Salaam hekalu lao lipo, liliwekwa na watu wa kutoka Sri Lanka enzi za mkoloni Mwingereza.

Ila mimi wanaonigusa zaidi ni Wajaini. Hawa nao asili yao ni India, na wafanyabiashara wao walikuja Afrika Mashariki zamani pamoja na Wahindi wengine, Mombasa wana hekalu la marumaru zuri sana. Kwao ulimwengu haukuumbwa na yeyote, ulikuwepo na utakuwepo. Wana walimu wakubwa 24, wa mwisho ni Mahavira, na hao ni watu walioshinda nafsi zao, sio miungu ya kukuletea mvua. Sheria kubwa ni kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai, na wanaishika kweli kweli. Hawali nyama wala samaki wala mayai, na wanaoshika sana hawali hata viazi, vitunguu na karoti, kwasababu ukivuta mzizi umeua mmea mzima na wadudu waliokaa pale chini. Wengi hawali jua likishazama. Watawa wao wanatembea peku na wanabeba kifagio laini cha kusogeza wadudu kabla hawajakaa, na wengine wanafunga kitambaa mdomoni. Sasa mtu anayefagia njia asije akakanyaga sisimizi utamwambia hana dini kwasababu hamtaji Mungu? Mimi siwezi.

Tena kila mwaka wana kipindi cha kufunga na kutubu, na siku ya mwisho kila mmoja anawafuata ndugu, majirani, wafanyakazi wake, walioko mbali anawapigia simu, anaomba radhi kwa ubaya wote aliowafanyia kwa kujua au kutokujua. Anamwomba mtu mwenyewe, manake kwao hakuna aliyeko juu wa kukufutia, ulichotenda kinakufuata mwenyewe.

Mchaga yeyote akisoma hapo anajua naelekea wapi. Kule vijijini, Marangu, Machame, Kibosho, isale, ule mmea wa majani marefu, ipo kila kihamba, yaani shamba la ukoo, imepandwa mpakani. Mtu akikukosea halafu akaja na jani la isale, au akamtuma mzee alilete, kukataa kusamehe ni jambo zito mno, hata kama mlikuwa hamsemeshani miaka. Nisieleweke vibaya, mila zetu sio za watu wasio na Mungu, Wachaga walikuwa na Ruwa kabla wamisionari hawajafika na Wamasai wana Engai, hilo liko wazi. Ninachosema ni kwamba lile jani linafanya kazi kati ya mtu na mtu, na hata kijana aliyekulia mjini ambaye haamini chochote akiletewa isale anapokea, na anasikia kitu.

Huko Ulaya na Marekani wapo waliounda jumuiya za namna hii makusudi. Felix Adler alianzisha ya kwake New York mwaka 1876, watu wanakutana Jumapili kuongelea maadili na kusaidia maskini, ukimwamini Mungu sawa usipomwamini sawa. Mwaka 1963 rabi mmoja wa Michigan, Sherwin Wine, akaanzisha Uyahudi ambao sikukuu zote zipo na mishumaa ya Ijumaa inawashwa ila sala za kumwomba Mungu zimetolewa. London mwaka 2013 watu wengine wakaanza kukusanyika Jumapili kuimba na kusikiliza mtu akiongea, kama kanisani, bila Mungu. Na Émile Durkheim, msomi wa Ufaransa, mwaka 1912 alishaandika kuwa ukitaka kueleza dini ni nini usianze na Mungu kwasababu utawaacha Wabudha nje, anza na vitu ambavyo watu wanavitenga kuwa vitakatifu na jumuiya inayoviheshimu.

Kinachonisumbua huku kwetu ni haraka ya kuhukumu. Mtu akisema haamini Mungu, dakika hiyo hiyo ameshaitwa mpagani, anaabudu shetani, ni frimasoni. Shetani hawezi kuabudiwa na mtu asiyeamini hayo mambo toka mwanzo, na kwa kanuni za frimasoni wa Uingereza huruhusiwi kujiunga kama huamini kuna nguvu kuu iliyo juu yako, kwahiyo huyo ndugu yako wangemkataa mlangoni. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, na sensa huwa haiulizi dini tangu ile ya 1967.

Na watu wa hivi tunao, ila wako kimya. Utakuta dada yuko kwaya, hakosi mazoezi ya Alhamisi, anatoa ahadi yake ya pesa kanisani, anahudhuria jumuiya, na moyoni hana uhakika kabisa kama kuna anayesikiliza. Kuimba kunamtuliza, wenzake ndo walimuuguzia mama yake. Wengine watamwita mnafiki, mimi naona sio haki, kile anachokipata pale ni cha kweli.

Tena kuna suala la kuzikwa, ambalo kwa Kilimanjaro ndo kila kitu. Uskoti tangu 2005 hata ndoa ya wasio na dini inatambuliwa kisheria, na kwenye mazishi yupo wa kuongoza. Hapa usipokuwa na usharika, mchungaji anaweza asije, na familia inaona aibu mbele ya kijiji. Kaburi litachimbwa na ukoo utakupeleka kihambani kwenu, hilo halina shaka, ila nani atasimama kuongea pale kaburini na aseme nini, hapo ndo wengi wanaamua bora waendelee kulipa ahadi.