Kundi la Nambari: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mwanafunzi akiulizwa kama nambari kamili ni kundi, mara nyingi hujibu papo hapo, ilhali swali lenyewe halijakamilika. Kundi si seti pekee, bali ni seti pamoja na tendo lake, kwa masharti manne: jibu lisitoke nje ya seti, mabano yasibadilishe jibu, iwemo nambari isiyobadilisha nyingine, na kila nambari iwe na kinyume chake, yaani mwenzake ambaye wakikutanishwa hutoa ile isiyobadilisha nyingine. Hivyo nambari kamili ni kundi kwa kujumlisha, lakini kwa kuzidisha si kundi, kwa sababu kinyume cha 2 ni nusu, na nusu haimo katika seti hiyo.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba nambari isiyobadilisha nyingine lazima iwe 0 katika kujumlisha na 1 katika kuzidisha. Tuitazame saa ya ukutani. Saa kumi ukiiongeza saa tano hupata saa tatu, na nambari ambayo ukiiongeza hubadilishi kitu ni 12. Tena sisi wa Mombasa, tusomao saa kwa Kiswahili, hutumia kundi dogo zaidi pasi na kulijua: mshale ukiwa kwenye 10, tunatazama upande wa pili, yaani tunaongeza 6, tukasema ni saa nne, na tukitaka kuirudia ile 10, tunaongeza 6 ileile. Hivyo seti ya 6 na 12 ni kundi kamili, na 6 ni kinyume chake yenyewe.

Kuzidisha nako kuna mtego wake, nami huona ndio mzuri kuliko yote. Chukua 2, 4, 6 na 8, uzizidishe na kubakiza tarakimu ya mwisho tu. Wengi huikataa seti hii kwa kuwa 1 haimo, lakini 6 mara 2 ni 12, mara 4 ni 24, mara 6 ni 36, mara 8 ni 48: 6 huiacha kila nambari kama ilivyokuwa. Mbili na 8 ni kinyume cha kila mmoja, na 4 hujitosheleza.

Wengine huridhika wakiona jibu halitoki nje ya seti. Kutoa nambari kamili hakutoki nje, ila (7 − 4) − 2 ni 1, na 7 − (4 − 2) ni 5. Mabano yakibadilisha jibu, hakuna kundi.

Wala si sharti jibu libaki lilelile mpangilio ukigeuzwa. Makundi ambayo jibu hubaki lilelile huitwa ya Abel, kwa heshima ya Niels Henrik Abel wa Norway (1802–1829). Panga vikombe vitatu vya kahawa, badilisha nafasi ya kwanza na ya pili, kisha ya pili na ya tatu; ukianza na hatua ya pili, vikombe havitakaa vilevile. Mipangilio hiyo ni 6, nayo ndiyo kundi dogo kuliko yote yasiyo ya Abel.