Mizizi ya ngano: mbegu za asili na za kisasa zinapopishana chini ya ardhi

Sehemu kubwa ya unga wa chapati na maandazi tunaokula Dar es Salaam hutokana na ngano iliyoingia kwa meli. Ile inayolimwa nchini hutoka nyanda za juu: Hanang, Karatu na Siha kwa upande wa kaskazini; Mbeya, Njombe na Rukwa kwa upande wa kusini. Huko wakulima wengi hutegemea mvua. Ikikatika wakati masuke yanajaza punje, mmea hubaki na maji yale tu ambayo mizizi yake inaweza kuyafikia. Hata hivyo, kwa miongo mingi watafiti wa mbegu walipima urefu wa bua, magonjwa na uzito wa punje, mizizi wakaiacha. Kuichimbua ni kazi ya kuchosha.

Ngano ina makundi mawili ya mizizi. Kundi la kwanza hutoka kwenye punje inapoota, kwa kawaida mizizi 3 hadi 6, na ndiyo huzama zaidi, hata zaidi ya mita 1 udongo ukiruhusu. La pili hutoka kwenye vifundo vya chini vya shina. Mizizi inayoota ikielekea chini moja kwa moja hufuata maji na naitrojeni iliyooshwa na mvua. Inayotanuka kando huvuna fosforasi, ambayo hukaa tabaka la juu. Kwa hiyo anayeuliza mzizi gani ni bora, aulizwe kwanza shamba lake liko wapi.

Mbegu fupi za kisasa zilipata ufupi wake kutoka Norin 10, aina ya ngano fupi ya Japani. Mtafiti wa mbegu Norman Borlaug alizikuza Meksiko, zikaenea India na Pakistani miaka ya 1960, naye akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970. Bua fupi halilali chini likiwekewa mbolea nyingi. Mwaka 2007 Waines na Ehdaie, watafiti wa California, walieleza kuwa mizizi ya ngano hizo ni midogo kuliko ya mbegu nyingi za asili. Wapo wanaolaumu jeni za ufupi, ingawa majaribio juu yake yamepingana. Mimi naelekea kulaumu mashamba ambamo watafiti huchagulia mbegu: penye maji na mbolea tele, mmea wenye mizizi mifupi haupati adhabu yoyote.

Nisieleweke kwamba turudi kwenye mbegu za mababu. Nyingi huanguka zikirutubishwa na mavuno yake ni madogo. Tena zipo ngano za kisasa zilizopokea kipande cha kromosomu ya rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, na baadhi yake zina mizizi mingi kuliko ndugu zake.

Faida ya mbegu za asili ni hazina ya tofauti. Mfano ninaoupenda ni wa Australia. Watafiti Passioura na Richards walitaka ngano isiyomaliza maji ya chini mapema, ili yabaki ya kujaza punje. Wakatafuta mizizi yenye mshipa mwembamba wa kupandisha maji, wakaipata kwenye ngano za asili za Uturuki, wakaihamishia kwenye mbegu zao. Katika mazingira makavu zaidi, mavuno yaliongezeka kwa asilimia 3 hadi 11. Yaani mzizi ulisaidia kwa kunywa polepole!

Hazina nyingine iko Norwich, Uingereza: ngano za asili 827 alizozikusanya mtafiti Arthur Watkins kutoka nchi 32 miaka ya 1920 na 1930. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa ngano za kisasa zimetokana na makundi 2 tu kati ya 7 ya asili yaliyomo humo. Makundi mengine 5 yamebaki karibu bila kuguswa.

Kwa bwana shamba na mkulima, uchunguzi wa kwanza hauhitaji maabara. Ngano inapotoa maua, chimbua mashina machache ya kila mbegu kwa jembe, suuza udongo taratibu, kisha linganisha pembe na wingi wa mizizi. Ukikuta mbegu zote mizizi yake imepinda na kutambaa kwenye kina kilekile, huenda huo ni udongo ulioshindiliwa, kwa mfano na trekta. Tafuta ripa, jembe la meno marefu, ya kupasua tabaka hilo kabla ya kubadilisha mbegu.