Tuhuma ya kwanza ilitoka kwa Maria Magdalene

Kila Kwaresima ikielekea ukingoni, darasani kwangu lazima mtu aseme. Mwaka huu alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, tena kwa kujiamini: "Mwalimu, habari za mwili wa Yesu kuibwa au mitume kuona maruweruwe zimeletwa na wasomi wa Ulaya. Watu wa kale waliambiwa amefufuka, wakaamini basi." Nimelisikia hilo kwa waumini na kwa wasioamini, miaka nenda miaka rudi, na limenichosha.

Muumini hulitumia kusifu imani ya mwanzo kwamba haikuwa na shaka. Mpinzani hulitumia kuwacheka watu wa karne ya 1 kuwa walidanganyika kirahisi. Wote wawili hawajaisoma Yohana 20 kwa utulivu. Maria Magdalene anakuta jiwe limeondolewa, na wazo linalomjia ni kwamba kuna watu wamemchukua Bwana. Anawaambia hivyo Petro na mwenzake. Anawaambia hivyo malaika. Kisha anamwona mtu, anamdhania ni mtunza bustani, anamwomba amwonyeshe alipomweka kama ni yeye aliyemchukua. Mara tatu! Maelezo mbadala ya kwanza yalitoka kinywani mwa mfuasi mwenyewe, asubuhi ileile.

Luka 24 inasema mitume waliona maneno ya wanawake ni upuuzi, na walipomwona wenyewe walidhani ni roho, hata akala kipande cha samaki mbele yao. Mathayo 28 inasimulia askari waliohongwa waseme wanafunzi wameuiba mwili usiku, na kuongeza kwamba habari hiyo ilikuwa ingali inasemwa siku Injili inaandikwa. Hata ukikikataa kisa cha hongo, tuhuma yenyewe inabaki palepale: mwandishi hahangaiki kujibu maneno ambayo hakuna anayeyasema.

Kufikia karne ya 2 hoja zimekomaa. Celsus, mwanafalsafa aliyeandika kwa Kigiriki karibu na mwaka 178, alidai shahidi wa ufufuo ni mwanamke aliyepagawa, na kwamba wengine huenda waliota au walijionea walichokitamani. Maneno yake tunayo kwa sababu Origenes, mwanateolojia Mkristo, aliyanukuu, karibu na mwaka 248, ili ayajibu. Naye Tertulianus, mwandishi Mkristo wa Karthago, karibu na mwaka 200, anataja dhihaka ambayo kila mwaka nawasomea wanafunzi: eti mtunza bustani aliuhamisha mwili ili watu wanaomiminika kaburini wasimkanyagie saladi zake. Aliyewaza hadi tuta la saladi hakuwa mtu wa kumeza kila anachoambiwa. Hermann Samuel Reimarus, Mjerumani ambaye maandishi yake mwandishi Lessing aliyachapisha kati ya 1774 na 1778, aliirudia tuhuma ya wizi iliyokuwa na umri wa miaka 1,700.

Ushauri wangu ni uleule siku zote: chukua penseli, andika mwaka pembeni mwa kila kitabu kabla hujaanza kubishana.

Penseli hiyo inatosha kwa wale wanaosema ufufuo ulitungwa katika mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu, kwa amri ya Kaisari Konstantino. Mtaguso ulikaa mwaka 325, ukashughulika na mafundisho ya padri Ario kuhusu Kristo na tarehe ya Pasaka, yaani sikukuu ya ufufuo ambayo makanisa tayari yalikuwa yakiiadhimisha kwa siku tofauti. Paulo aliwaandikia Wakorintho karibu na mwaka 54, na hata yeye anasema habari ya ufufuo aliipokea.

Na wanaosema Yesu hakufa msalabani, alizimia tu? Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasimulia alivyowaona watu watatu aliowafahamu wakiwa misalabani, akamlilia Tito, jemadari wa Kirumi, wakashushwa na kutibiwa kwa uangalifu. Wawili walifia mikononi mwa matabibu, mmoja akapona. Kupona kuliwezekana, basi. Lakini David Friedrich Strauss, mwanateolojia Mjerumani ambaye hakuamini miujiza hata kidogo, aliandika mwaka 1864 kwamba mtu anayejikokota kutoka kaburini, mahututi, anahitaji kufungwa vidonda, hawezi kumfanya yeyote aamini ameyashinda mauti.

Wengine husema ufufuo ulinakiliwa kutoka kwa miungu ya kipagani. Osiris, mungu wa Misri, hakurudi kuishi duniani, alibaki kuwa mfalme wa wafu. Mithra, mungu aliyeabudiwa katika dola ya Kirumi, ndiye kabisa: hatuna simulizi la kale linalomwonyesha akifa.

Na ya mimbarani nayo naisema, maana inaniudhi vilevile: "Mitume wote waliuawa, kwa hiyo hakuna maelezo mengine." Kifo cha Yakobo wa Zebedayo kimo katika Matendo 12, cha Yakobo ndugu wa Bwana kimo kwa Josephus, mwaka 62, na Petro na Paulo wana ushahidi wa mapema. Wengi wa waliobaki tunawajua kwa masimulizi ya karne za baadaye. Tena, anayekubali kufa anaonyesha kwamba anaamini kweli. Hilo linaidhoofisha tuhuma ya wizi, lakini Celsus hakusema wote walidanganya. Alisema huenda waliota au waliona maruweruwe. Kumjibu yeye na hoja zake zote, Origenes aliandika vitabu vinane.