Makala ya mgeni ni mzigo wako pia

Waandishi wengi hapa Nairobi wanaoendesha majarida yao wenyewe mtandaoni huamini kwamba makala ya mgeni, yaani iliyoandikwa na mtu wa nje ya jarida, ni ya mgeni: akikosea, atajibu mwenyewe. Ndiyo maana chini yake huwekwa ile sentensi, "maoni haya ni ya mwandishi," na mhariri hujiona amekingwa.

Hajakingwa. Katika sheria ya kashfa, yaani ya kumchafulia mtu jina, aliyechapisha anaweza kushtakiwa sawa na aliyeandika. Mgeni akimwita mwenye nyumba fulani wa mtaa wa Umoja tapeli, bila ushahidi, huyo aliyetajwa anaweza kumwacha mgeni na kukufuata wewe, hasa kama wewe ndiye unayepatikana kwa urahisi.

Wengine hudhani kupewa makala bure ni kupewa umiliki wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka uhamisho wa haki hiyo uwe wa maandishi yaliyotiwa sahihi. Bila hayo, haki hubaki kwa mwandishi maisha yake yote, na kwa warithi wake miaka 50 zaidi.

Sisemi ukatae wageni. Muuguzi wa Mathare anajua mambo ambayo mimi siwezi kuyaandika, na ningempokea kwa mikono miwili, mradi niweze kumpigia simu na kumuuliza, "Hili ulilijuaje?" Anayenitumia makala tayari na kuahidi pesa ili tu kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti ya biashara yake kikae humo, huyo namkatalia. Hao wasomaji anaotaka kuwafikia waliniamini mimi.