Kuuza nyumba Dar: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Pita Kimara, Mbagala au Tabata, utakuta kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Onyo lile ni la wanunuzi, na wanalihitaji. Lakini muuzaji naye huumia, na mara nyingi anaumizwa na maneno aliyoyaokota mtaani akayaamini.

"Hati ina jina langu, simuulizi mtu."

Kama una ndoa na hiyo ndiyo nyumba ya familia, lazima uulize. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Asiyeridhia anaweza kuweka zuio, na uhamisho ukakwama hapo hapo. Wakati huo mnunuzi keshakupa malipo ya awali, nawe umeshayapeleka kwenye kiwanja Kibaha. Anataka hela yake, na huna. Malizaneni ndani kabla mteja wa kwanza hajaja kuangalia.

Nyumba ya urithi ndiyo yenye balaa zaidi. Kaka mkubwa hawezi kuuza kwa sababu tu ni mkubwa. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinampendekeza tu.

"Nimejengea milioni 120, siuzi chini ya hapo."

Mnunuzi hanunui jasho lako. Anaangalia nyumba za jirani zimeuzwaje, gari linafika mlangoni, masika maji yanatuama wapi, eneo limepimwa au la. Nyumba ya kawaida yenye hati inaweza kuipita bei ile ya marumaru na jipsamu iliyo kwenye eneo lisilopimwa. Mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe bei, kisha uamue.

"Madalali wakiwa wengi, mteja anapatikana haraka."

Hili ndilo linalowagharimu watu zaidi, kwa maoni yangu. Unataka milioni 80. Dalali wa kwanza anamtajia mwenzake 85, huyo anaipandisha mtandaoni kwa 95. Kila mmoja ameweka cha juu chake. Mtu mwenye milioni 80 mkononi hata haji kuiona, na aliyeona picha zile zile kwa bei tatu tofauti anahisi utapeli, anakwenda zake. Nyumba inazungushwa miezi, mwisho watu wanaanza kuuliza ina kasoro gani.

Chagua dalali mmoja, wawili wakizidi. Andikianeni bei, kamisheni, na kwamba hakuna cha juu. Kamisheni ya asilimia 10 inayotajwa sana mjini ni mazoea, inajadilika. Na usimwachie nakala ya hati. Nakala hiyo ikizagaa kwenye simu za watu, kuna siku atatokea mtu usiyemjua akiwa amelipia nyumba yako kwa tapeli. Mteja wa kweli ataiona hati kwa wakili, na ataomba upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakiki kwenye kumbukumbu mmiliki ni nani.

"Mwenyekiti wa mtaa akigonga muhuri, tumemaliza."

Mwenyekiti anaweza kuwatambua na kushuhudia, basi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka mkataba wa maandishi, na kwa nyumba yenye hati, umiliki hauhami mpaka uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Mnunuzi akipewa funguo na hati akaishia hapo, kodi ya pango la ardhi itaendelea kuja kwa jina lako. Ile "asilimia 10 ya ofisi" inayodaiwa kwenye baadhi ya mitaa haina sheria nyuma yake. Una haki ya kukataa.

"Kodi ni juu ya mnunuzi."

Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wake. Kodi ya ongezeko la mtaji ni yako wewe uliyeuza: kwa mkazi, asilimia 10 ya faida, na bila kuilipa Mamlaka ya Mapato (TRA) uhamisho hausajiliwi. Faida ni bei ukitoa gharama za kununua na kujenga, kwa hiyo risiti za nondo na mabati zina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Na kama umeimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, na faida haizidi shilingi milioni 15, husamehewa.

Hapo ndipo wengine hushawishiana: "Tuandike milioni 30 kwenye mkataba, tukwepe kodi." Kwanza ni kosa kisheria. Pili, uthamini unaofanyika wakati wa uhamisho utaonyesha thamani halisi. Tatu, wauzaji wachache hulifikiria hili: mnunuzi akikulipa milioni 40 kati ya 80 kisha akagoma, karatasi utakayoipeleka mahakamani, yenye sahihi yako mwenyewe, inasema amekulipa na kuzidisha.